Nilichinja dume ili wafanyakazi wenzangu wanisalimie. Nkwabi wa Tinde, nijibu

Wakuu, heshima kwenu. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama mko wengi humu, mimi mwenyewe nagonga sitini.

Haya sijawahi kumsimulia mtu zaidi ya mke wangu. Sijaongeza chumvi, na majina nayataja. Naanzia pale palipouma zaidi.

Jumapili mchana, Kambarage, Shinyanga mjini, miaka ya themanini katikati. Nimetandika mikeka mbele ya nyumba niliyopanga. Sufuria mbili za nyama ziko motoni, ugali umefunikwa, maji ya kunawa yako tayari. Nimechinja dume zima.

Wanaume niliowaandalia wanapita barabarani, nawaona kwa macho yangu. Wametoka shifti, nyusi zao nyeupe kwa pamba.

Nikasimama nikasema, "Karibuni jamani, chakula tayari."

Wakapita kama nimeongea na ukuta.

Wa mwisho alikuwa Nkwabi, anasukuma baiskeli. Nkwabi wa kijiji kimoja na mimi, tumechunga ng'ombe pamoja. Aliangalia gurudumu lake la mbele mpaka akaipita nyumba yangu.

Sasa nirudi nyuma.

Nimeyakumbuka haya baada ya kusoma uzi wa kijana mmoja humu. Kapunguzwa kazi, kesho yake katolewa kwenye grupu la WhatsApp, na wale waliokuwa wanamwita bro hawapokei simu zake. Mkamcheka, mkamwambia akaze. Mimi sikucheka.

Shule yangu iliishia darasa la nne, msinisahihishe sana. Kazi niliyoijua ni ya jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Mimi na Nkwabi tulikuwa presi.

Presi zile za zamani, pamba iliyochambuliwa inamwagwa kwenye sanduku kubwa, mnaingia mle ndani mnaikanyaga kwa miguu ishuke, ndipo mashine inaibana kuwa robota. Mnakanyaga huku mnaimba. Mmoja anaita, wengine wanaitika. Asiyeitika miguu yake inapishana na ya wenzake, mtu anaumia.

Mimi ndiye niliyekuwa naita. Nkwabi alikuwa wa kwanza kuitika, siku zote. Nikifungua mdomo tu yeye ameshadaka.

Msimu mmoja mvua ikagoma. Pamba ikawa kidogo, halafu mashine nazo zikafa kwa kukosa spea. Fomeni wetu, Malimi, akatupanga uwanjani akasoma majina. Langu likatoka. La Nkwabi halikutoka.

Malimi akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Msimu ukikaa vizuri nitarudisha wachache. Wale ambao wenzao watawasemea."

Shikeni hapo. Mtu wa kurudi ni yule atakayesemewa na wenzake.

Wengi tuliopunguzwa walirudi makwao wiki ileile. Mimi nilibaki. Mapacha wangu Kulwa na Doto walikuwa wachanga, mama yao hajapata nguvu ya safari. Na nilijua nitasemewa. Presi nzima ilikuwa yangu, nilijua nani ana mke mkali na nani anaogopa nyoka.

Asubuhi iliyofuata nikaenda getini kwa Mama Asha, aliyetuuzia chai na mihogo. Wenzangu wako kwenye benchi. Nikasema, "Mwangaluka." Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, na kwa Msukuma hainyimwi hata adui.

Hakuna aliyejibu.

Nikadhani hawajasikia, nikarudia. Nkwabi akainua kikombe, akanywa chai ya moto kama anakunywa maji, akainuka. Mmoja mmoja wakamfuata. Benchi likabaki langu.

Mama Asha akaniangalia. "Baba Kulwa, umewafanya nini hawa? Umechukua mke wa mtu?"

"Sijachukua."

"Basi umeiba."

"Sijaiba kitu, mama."

"Basi kanywe chai kwenu, baba. Unanifukuzia wateja."

Ikawa hivyo kila nilipokwenda. Sokoni nikimwona mtu wa jineri, anageuka kuchagua nyanya. Na mtu huyo nyanya hanunui. Nikaanza kupita vichochoroni, niwapunguzie kazi ya kugeuka.

Njaa nilishaizoea tangu utoto, wakuu. Kupita katikati ya watu wanaolijua jina lako na hakuna anayelitamka, hilo sikulizoea. Nyumbani nilikuwa namwambia Mama Kulwa, "Niite jina langu." Ananiita. Naitika.

Sasa sikieni kosa ambalo labda ni sisi watu wa kule tu tunaweza kulifanya.

Kijijini kwetu, upande wa Tinde, mtu akikosea jamii anatengwa. Hasalimiwi, hapewi maji, hapewi hata kaa la moto la kuwashia jiko. Lakini kuna utaratibu. Unaitwa, unaambiwa kosa lako, unatozwa faini ya mnyama, tunaiita mchenya. Unamtoa, anachinjwa, watu wanakula. Wakishakula wamekupokea, na kesho wanakusalimia kama jana haikuwepo.

Mimi nikajiambia, hawa wamenitenga. Basi lipo kosa, na ipo faini.

Nikatafuta kosa langu mpaka kichwa kikauma. Labda niliita wimbo wa kumkejeli mtu. Labda nilicheka msibani. Nikaenda kwa baba yangu.

"Kosa gani?" akauliza.

"Hawajaniambia, baba."

"Hakuna anayetengwa bila kuambiwa kosa." Akaangalia zizini. "Labda watu wa mjini wanaona aibu kusema. Wewe lipa tu, ng'wanawane, mwanangu. Wakishakula watakwambia."

Akanipa njeku wake, dume changa alilokuwa ameanza kulifundisha kuvuta plau. Alilifungua zizini bila kuniangalia. Mwaka ule alilima kwa jembe la mkono, na alikuwa mzee.

Nikaliswaga mpaka mjini. Njiani watu nisiowajua wananisalimia, wanauliza mhola, habari za huko, najibu mpaka machozi yananilenga.

Jumamosi nikasimama getini wakitoka, nikatangaza kwa sauti: kesho namtoa dume, kama nimewakosea nisameheni, njooni mle. Hawakujibu, lakini walisikia. Niliona mabega yao yakistuka.

Wa kuchinja nikamfuata Shabani, mpima mizani wa palepale jineri, mtu wa Tabora, ili Waislamu nao wale. Akaja asubuhi, akapiga bismillahi, akachinja, akaosha kisu.

Nikamwambia, "Kaa basi, ule hata ini."

"Baba Kulwa, nimekuja kwa sababu mtu akikuita kuchinja hukatai. Kula sitaweza."

"Kosa langu nini, Shabani?"

"Huna."

"Sasa?"

"Ndiyo maana nakwambia hii ya kwenu haitafanya kazi. Asiye na kosa atalipaje faini?"

Akaondoka. Mchana ndipo wakapita kama nilivyowasimulia.

Nilikaa pale mkekani mpaka mafuta yakaganda juu ya mchuzi. Nikataka niimwage ile nyama. Mama Kulwa akanishika mkono. "Nyama haina kosa," akasema, akaita majirani. Wakaja wakala, wakatushukuru sana. Nyama ikaisha, imeliwa na watu ambao sikuwa na ugomvi nao.

Msimu ukakaa vizuri kweli. Wakarudishwa wachache. Mimi sikusemewa na mtu.

Nikaenda Geita kuchimba dhahabu. Yale mashimo tunayaita maduara, marefu kama visima, unashuka kwa kamba. Na kule kuna sheria moja: aliye juu akikuita, uitike. Usipoitika mtu anashuka kukutafuta, hata kama jana mlipigana.

Siku ya kwanza chini mle gizani nikasikia sauti ya mtu nisiyemjua. "We wa Shinyanga, upo?"

"Nipo."

Nililia, wakuu. Dunia nzima alikuwepo mtu ambaye angehangaika kama mimi ningenyamaza.

Miaka ikapita, nikahamia machimbo ya upande wa Bugarama. Na pale nikakutana na nani? Shabani. Naye majina yalisomwa, likatoka lake. Tulikaa kwenye mawe, akanifungulia moyo.

Akasema lile la benchi lilikuwa woga tu. Kila mtu alihofia kuonekana na mtu aliyepunguzwa, majina yasije yakasomwa tena. Sawa. Woga nauelewa, siudai kitu.

Lakini ile Jumamosi nilipotangaza dume, kumbe mle presi walibishana. Nyama ilikuwa ngumu miaka ile, watu walitaka kwenda. Hata Malimi fomeni alicheka akasema, "Nyama ni nyama, nendeni mle, mimi inanihusu nini."

Aliyezuia ni Nkwabi.

Shabani alikuwepo, alisikia. Nkwabi alisema: "Ile siyo nyama ya kula tu. Mimi ni wa kwao, naijua. Ukila umempokea. Ukishampokea lazima umsemee kwa fomeni. Nani hapa yuko tayari kumsemea?"

Wakanyamaza. Wasukuma wengine walikuwemo, walijua kama yeye, lakini walikuwa wamejifanya wamesahau. Yeye ndiye aliyetamka.

Alichukua mila yetu, ile iliyowekwa mtu arudi kwa watu, akaifanya kufuli.

Na Shabani akamalizia: baada yangu, aliyekuwa anaita nyimbo mle presi ni Nkwabi.

Baba yangu alikufa akiamini kwamba mwanae alifanya kosa kubwa sana mpaka dume halikutosha. Nilimweleza, hakukubali. "Watu hawawezi kumtenga mtu bure," alisema.

Kijana wa ule uzi, funzo langu kwako ni hili. Watu wakinyamaza usikae unajichimba kutafuta kosa. Usichinje kitu. Nenda mahali ambapo ukiitwa unaitika, hata kama ni shimoni. Na wewe unayebaki kazini, salamu haikupunguzii mshahara. Mlioyapitia wekeni ya kwenu hapo chini, nitasoma yote, taratibu, naandika kwa kidole kimoja.

Malimi alishakufa, huko aliko yupo wa kumuuliza. Nyie wengine wa presi mlikuwa waoga, mmeshazeeka, laleni.

Nkwabi yupo. Ana duka pale Tinde, na wajukuu zake wamo humu. Wajukuu, msomeeni babu yenu huu uzi, mfike mpaka mwisho.

Nkwabi, jina langu lilipotoka, ni wewe uliyelipeleka kwa Malimi? Kama siyo, uliogopa nini nikisemewa? Nijibu hapa mbele za watu, kama ulivyosema kule mbele za watu. Hata ukinitukana nitapokea.

Uliwahi kuniitika kila asubuhi kabla sijamaliza neno.

Mwangaluka, Nkwabi.

Nimeita. Itika.