Kiganja cha Kutu

Kila asubuhi walinzi waliotoka lindo walipanga foleni mbele ya dirisha la chumba cha silaha, bunduki begani, macho mekundu, kila mmoja akiwaza kitanda chake. Ndani ya dirisha alikaa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye walimwita Mama Risasi. Alipokea bunduki, akahakikisha ni tupu, akaifuta, akaipaka mafuta, akaisimamisha kabatini. Jioni alizitoa tena. Kazi hiyo aliianza mtoto wake wa mwisho akiwa mgongoni, na sasa mtoto huyo alikuwa anaota ndevu. Harufu ya mafuta ilikuwa imemkaa mikononi kiasi kwamba hata wali wa nyumbani ulinuka mafuta hayo, na watu wa nyumbani walishaacha kulisemea jambo hilo.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mumewe siku zote. Aliwaacha wenzake watangulie asije akasemwa kwamba anabebwa. Kitanda kimoja walilala, lakini pale dirishani walisalimiana kama makarani wa ofisi mbili tofauti.

Na bunduki iliyokuwa ikipata kutu ilikuwa yake.

Haikuwa kutu ya kutisha. Ilikuwa alama hafifu ya rangi ya kahawia kwenye chuma, pale mkono wa kulia unaposhika, na ukiinamia karibu uliona mpaka nafasi za vidole. Mama Risasi aliisugua ikaisha. Baada ya siku chache ikarudi palepale, kiganja kilekile. Walinzi wakasema jamaa ana mikono ya chumvi. Wapo watu wa namna hiyo, jasho lao linakula chuma, na kila mtu wa chumba cha silaha amewahi kukutana na mmoja.

Msimamizi, askari mstaafu aliyekuwa bado akitembea kama anapigiwa ngoma, hakutaka kusikia habari za chumvi. Wakaguzi wa leseni walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi. Wakikuta kutu, alisema, mwenye bunduki hiyo atavuliwa silaha mbele ya gwaride zima kwa uzembe. Ama mafuta yabadilike, ama mtu abadilike.

Mama Risasi alimjua mumewe. Alikuwa amelinda kwa bunduki nusu ya umri wake bila doa, na wapo vijana kwenye foleni ile ambao wangecheka mpaka wakae chini. Kwa hiyo alianza kutafuta mafuta.

Alipouliza, kila mlinzi aligeuka bingwa. Mmoja alisifu mafuta ya nywele ya mkewe. Bunduki inang'aa, alisema, mpaka wateja wa benki wanaisalimia yenyewe kabla yake. Mwingine alitaja mafuta ya kupikia. Mama Risasi alimwambia kwamba aliwahi kupokea bunduki ya namna hiyo. Mafuta yalikuwa yamegeuka gundi, kifyatulio hakiendi mbele wala nyuma, na silaha nzima inanuka kikaango. Oili chafu ya gereji aliikataa, maana ina mchanga wa chuma na inakula inachopakwa. Grisi inashika vumbi. Mafuta ya kampuni, yale ya kopo, yalifaa kusafishia, lakini yalikuwa mepesi mno. Ukipaka asubuhi, jioni yamekimbia.

Mwishowe alibaki na aina tatu: oili mpya ya injini, mafuta ya cherehani, na mafuta mazito aliyopewa na fundi wa karakana ya jirani, ambayo yakipakwa yanaacha utando kama ngozi nyembamba. Fundi huyohuyo alimkatia vipande vinne vya chuma. Vitatu alivipaka, kila kimoja mafuta yake. Cha nne alikiacha kitupu, ili aone kutu ikiachiwa uwanja inafika wapi.

Siku ya mapumziko, mumewe akiwa mezani na kikombe cha chai, alimpa kipande cha kwanza akishike kwa mkono wa kulia mpaka chai iishe.

"Mama watoto, sasa nimekuwa panya wa maabara?"

"Panya halalamiki. Shika."

Akashika, huku akimwambia kwamba watu wengine siku ya mapumziko wanashikishwa pesa. Alikunywa chai nne siku hiyo, akinawa mkono kati ya kipande na kipande. Mkewe alivipanga vipande kwenye rafu ya bafuni, mahali penye unyevu, akawakataza watoto wasiviguse.

Alipoviangalia baada ya siku chache, cha oili hakikuwa na kitu. Cha cherehani nacho safi. Cha yale mazito, safi. Alitabasamu peke yake bafuni, jambo ambalo hakukumbuka lini alilifanya mara ya mwisho. Kisha akachukua kile kitupu.

Kilikuwa na kutu pembezoni, nyembamba, ya unyevu tu. Kiganja hakikuwepo.

Alikigeuza upande wa pili. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kipande mapajani. Mikono iliyoacha alama kazini haikuacha chochote mezani. Chumvi ya mtu haibaki kazini akirudi nyumbani.

Alimkuta mumewe barazani akishona mkanda wa kandambili.

"Baba watoto, mikono yako haitoki jasho."

"Nani kasema inatoka?"

"Bunduki."

Mumewe alivuta uzi mpaka mwisho, akaukata kwa meno, akaiweka kandambili chini. Halafu akaeleza, bila kumtazama. Miezi kadhaa nyuma, alfajiri, mtu alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye geti la bohari alilokuwa akililinda. Alimwamuru asimame, hakusimama. Akamwamuru tena. Bunduki ilikuwa imeshapanda begani, na kidole kilikuwa kimeshaanza kuvuta, chenyewe, alisema, kama si chake. Mtu yule akainama kuokota ufagio wake uliomdondoka. Alikuwa mfagiaji wa barabara, kiziwi, aliyewahi kazini.

"Kila siku anapita pale. Ananipungia mkono," alisema. "Hajui."

Tangu hapo alikuwa akiikaba bunduki usiku kucha, kiganja kikilowa jasho.

"Wezi siwaogopi, mama watoto. Naogopa kidole changu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambieje? Wewe ndiye unayenikabidhi kila jioni."

Mama Risasi hakuwa na nguvu ya kulia wala ya kugomba. Alimwambia tu yaliyokuwepo: yale mafuta mazito yangeshinda jasho lake, wakaguzi wangekuta chuma safi, na angebaki na bunduki yake mpaka astaafu. Kutu ilikuwa imepata dawa. Kidole, alisema, hakujua kinapakwa nini.

Mumewe alivaa kandambili, akaenda kuoga.

Jioni foleni ilipungua hadi akabaki mumewe na vijana wawili waliokuwa wakifunga viatu. Msimamizi alisimama kando. Mama Risasi aliitoa bunduki kabatini, ikiwa imepakwa vizuri, akaishika upande wake wa dirisha. Hakuisukuma. Kama mumewe angenyoosha mkono kuichukua, Mama Risasi alikuwa ameshaamua kumwambia msimamizi yeye mwenyewe, na lolote na liwe.

Mumewe hakunyoosha mkono. Aligeuka.

"Afande, naomba geti lisilo na silaha."

"Kwa ajili ya kutu? Mkeo ameniambia mafuta yamepatikana."

"Yamepatikana. Ni mimi ninayeomba. Sijiamini nayo tena."

Kijana mmoja aliguna kwamba mzee betri zimekwisha. Mwenzake akacheka kidogo, kisha akaacha. Msimamizi alikohoa, akampangia mzee huyo geti la maegesho ya hospitali, penye tochi na filimbi. Bunduki alipewa yule aliyeguna. Mama Risasi alimwandikisha. Msimamizi alipomuuliza mafuta gani yaagizwe, alimjibu oili mpya ya injini, kwa kitambaa, kidogo kidogo; yale mazito hayakuhitajika tena.

Asubuhi mumewe hakuwa na cha kurudisha dirishani. Mama Risasi alipomaliza foleni na kufunga kabati, alimkuta nje kwenye benchi akimsubiri, amelala ameegemea ukuta, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Hakumwamsha. Alikaa pembeni yake, naye akafumba macho.