Grisi Iliyomwita Mbwa

Siku ya ukaguzi wa silaha hapa Njombe, foleni nzima ilinisikiliza nikitoa somo la kupaka grisi kwenye bawaba ya shotigani, pale bunduki inapokunjwa kufunguliwa. "Pakeni kidogo tu," nikawaambia. "Mimi yangu naifuata Makambako."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepaka mafuta ya nguruwe ya mke wangu kutoka jikoni, tena bila ubahili. Baridi ya asubuhi ikayagandisha, bunduki ikagoma kufunguka. Afande aliyekuwa akikagua akaiweka juani mbele ya meza yake, nami nikailaumu hali ya hewa.

Jua lilipokolea, mafuta yakaanza kuchuruzika. Mbwa akatokea, akayalamba kwa utulivu mkubwa. Afande akayagusa, akanusa kidole chake, akanigeukia. "Mwalimu, hii grisi ya Makambako, nyumbani huwa mnakaangia nini?"