Sauti Mbili za Wimbo wa Nne

Da Mwatima alifika Guangzhou, China, mwaka 1997, mjane wa miaka arobaini na sita, mwenye sauti nzito ambayo wabeba mizigo wa barabara ya Guangyuan Xilu waliitambua kabla hawajamwona. Alinunua suruali za jinzi na blauzi kwa ajili ya maduka ya Kariakoo. Akitajiwa bei asiyoipenda alisema "mei you", yaani hakuna, kana kwamba yeye ndiye muuzaji, na wenye maduka wakacheka naye. Mimi, Muzdalifa, nilipanga naye fleti moja mtaa wa Sanyuanli. Chumba chake na changu vilitenganishwa na jiko.

Waswahili wachache tuliokuwa pale tulimheshimu kwa jambo jingine. Mwaka 1974 aliimba na Zabibu Jazz ya Dar es Salaam, na santuri yao, Nyumba ya Kona, ilipigwa kwenye kila harusi niliyopelekwa utotoni. Wimbo wa nne ulianza kwa sauti ya mwanamke peke yake, bila ala yoyote, na watu wazima walikuwa wakinyamaza kuusikiliza. Jalada lilisema mwimbaji ni Mwatima.

Alipokwenda nyumbani kusherehekea Idi mwanzoni mwa 1998, mpiga gitaa wa zamani wa bendi, mzee Kassian, aliwakusanya waliobaki, naye akiwamo, wakairekodi upya santuri nzima. Bimdogo, mtoto wa mama mdogo wake Mwatima, ambaye zamani aliimba naye kwenye bendi, alikuwa amefariki tangu 1979. Nafasi yake aliichukua binti yake, Nahla.

Mwezi Mei kifurushi kikatufikia. Ndani mlikuwa na mkanda mpya wa kupeleka kwenye kiwanda cha CD cha hapo Guangzhou, nakala yake kwenye kaseti, na kaseti nyingine tatu zenye kazi yote ya studio ya mwaka 1974, pamoja na majaribio yaliyoharibika. Kassian aliandika: "Mwatima, linganisha. Niambie kama tumeua kitu."

Tulikaa Jumapili mchana, mvua ikinyesha, redio kaseti mbili mezani. Nyimbo tatu za mwanzo hazikutusumbua. Mpya zilikwenda mbio zaidi, tarumbeta zimegeuka kinanda, na ngoma zilikuwa safi mno, kama zimepigwa na mtu asiyetoka jasho. Da Mwatima aliandika maoni ya kumpelekea Kassian, akicheka.

Ukaja wimbo wa nne kwenye kaseti mpya. Katika ukimya wa mwanzo, kabla ya sauti ya Da Mwatima, mwanamke aliingia na neno la kwanza. Chini sana, na mapema kidogo. Kisha akaacha, na Da Mwatima akaanza.

"Nahla huyo?" nikauliza.

"Nahla hakuimba wimbo huu. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha kurekodia."

Alirudisha kaseti. Akaihamishia redio ya pili. Mwanamke akaingia palepale, akaacha palepale. Nilitamani jirani hata agonge ukuta.

Tukaweka kaseti za 1974, tukautafuta wimbo ule ule. Mara tatu tulisikia wimbo ukianzwa na mara tatu mwanaume akasema, "Bimdogo, umewahi tena." Mara ya nne ukaanza vizuri, ukaimbwa hadi mwisho, ule ule niliokua nao, kila pumzi mahali pake. Fundi akasema, "Tunachukua hii. Ahsante, Bimdogo."

Nilimtazama Da Mwatima. Hakuniangalia.

"Da Mwatima, si wewe uliyeimba ule?"

"Si mimi." Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka. "Bimdogo alikuwa amelazwa, ana mimba ya Nahla. Karani akaja kuuliza majina ya kuandika kwenye jalada. Nikamtajia langu. Nilidhani atarekebisha baadaye, sijui nilidhani nini. Bimdogo aliliona jalada, akalirudisha mezani. Mpaka anakufa hakunisemesha juu yake."

Kesho yake tulimpigia Kassian kutoka duka la simu.

"Kaka Kassian, ulirekodi juu ya mkanda wa zamani?"

"Ulikuwa mpya, nimeutoa kwenye nailoni yake mwenyewe." Simu ilikwaruza. "Kumbe mmemsikia. Nilitaka kujua kama ni masikio yangu."

Kiwandani fundi wa sauti, bwana Liang, alivaa spika za masikioni akasikiliza kwa muda mrefu. Alijua Kiingereza kidogo, nami nilijua kidogo kama yeye. Akaonyesha kioo cha kompyuta yake, akamwambia Da Mwatima, "Huyu mwingine yuko karibu na maikrofoni kuliko wewe."

Da Mwatima akamwomba aikate ile sauti. Liang alifanya kazi kama nusu saa, kisha akatufungulia tusikie. Mwanamke wa mapema alikuwa palepale, sasa peupe kabisa, na hakuacha kwenye neno la kwanza. Aliuimba ubeti wote. Sauti iliyotoweka ilikuwa ya Da Mwatima. Liang aliangalia mashine, akaangalia mikono yake, akafuta alichofanya na kurudia tangu mwanzo. Ikatoka vilevile. Akazivua zile spika, akaziweka mbali naye.

"Laoban," akamwambia, kama wanavyomwita kila mwenye mali, "mimi sigusi tena."

"Usiguse," akasema Da Mwatima. "Iache hivyo hivyo, bila mimi."

Akaomba kalamu. Kwenye karatasi ya jalada, wimbo wa nne, akaandika jina kamili la Bimdogo, na chini yake akaandika kwamba ndiye aliyeuimba pia mwaka 1974, na kwamba jalada la zamani lilisema uongo.

Kabla CD hazijasafirishwa alimpigia Nahla, akamwambia yote, amesimama, ameshika meza ya duka la simu. Nilikuwa karibu, nikasikia jibu.

"Mama mkubwa, baba aliniambia zamani. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe." Kisha Nahla akauliza, taratibu, "Siku ile studio, ulihisi baridi upande wa kushoto?"

"Nilihisi," akasema Da Mwatima, akakaa chini.

Alifanya biashara Guangzhou miaka mingine mitatu. Watu walimpongeza kwa Nyumba ya Kona kama zamani, naye kila mara aliwasahihisha, hata mbele ya wateja, hata walipoona haya kwa niaba yake. Siku hizi yuko Magomeni, anafundisha wasichana kuimba. Nahla anamsaidia.