Mbeleko Juu ya Kioo cha Gari

Wiki iliyopita nilipeleka pikapu ya marehemu baba kwa fundi, kule Kilole. Mimi shule niliishia darasa la tatu, gari nalijua kwa mikono, ila siku hizi mabega hayataki tena kuinuliwa. Nikamwambia, hiki kikinga jua cha upande wa abiria kimelegea, toa, tupa, weka kipya. Skrubu mbili tu pale juu ya kioo. Nikaenda zangu kunywa chai.

Ngoja nikuambie kilikotoka.

Nikiwa mdogo, siku za gulio tulitoka Sindeni alfajiri kupeleka machungwa Segera. Baba kwenye usukani, mama kando, mimi mapajani kwake na kipande cha muhogo wa kuchoma kinachounguza vidole. Jua likichomoza lilitupiga machoni. Mama anashusha kikinga jua, lakini kivuli chake kinaishia kwake, mimi mfupi hakinifikii. Basi ananiwekea kiganja usoni njia nzima, kiganja kinanuka maganda ya machungwa.

Kikinga jua kilipochanika, sponji ikawa inatudondokea kichwani, baba akakifungua akaja nacho nyumbani. Mama akachukua mbeleko yangu, kanga aliyonibebea mgongoni, akakivisha kwa sindano ya mkono, mishono mikubwa kama ya gunia.

Bibi akamgombeza: "Mbeleko ya mtoto haikatwi, wewe."

Mama akacheka. "Sijaikata, mama, nimeikunja yote. Bado inambeba."

Kikinga jua kikanenepa kama mto. Masika ya mwaka ule mama akafariki.

Baadaye gari likawa langu, nami nikaanza kujiona mtu. Wapiga debe wa Segera wakaona kanga ile: "Bosi, gari lako limejifungua?" Nikaona haya. Nikanunua leza nyeusi, ile ya kufunikia viti, nikaishonea juu yake. Miaka ikapita, nikasahau. Sikupambii maneno, nilisahau.

Niliporudi kutoka kwenye chai, kikinga jua kipya kilikuwa kinang'aa. Leza imechanwa, iko chini. Fundi ameshika kanga, anafutia oili.

"Mzee, humo ndani kulikuwa na tambara. Limenifaa kweli, yangu yameniishia."

Nilitaka kumtukana. Kwa kosa gani? Aliyesema tupa ni mimi.

Nikaichukua, nikaifua mwenyewe kwa sabuni ya mche. Mara ya kwanza maji meusi. Mara ya tatu kitambaa kikaanza kukatikia mikononi. Kilichobaki kizima kwenye beseni ni uzi wa mama. Picha yake sina, haikupigwa hata moja.

Jana asubuhi nimeenda Segera. Nikanyoosha mkono, nikakishusha kile kipya. Kinashuka vizuri, sina neno na fundi. Kivuli kikaangukia kiti kitupu, na chini kidogo, pale ulipokuwa unafika uso wangu, palikuwa na jua tu.