Mstari Mmoja wa Mama Ratiba

Saiti nzima walimwita Mama Ratiba, naye hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipanga kazi za ujenzi kwenye kompyuta: ipi ianze, ipi isubiri, na mistari ya kuziunganisha. Mumewe alilalamika kwamba hata nyumbani chai haibandikwi mpaka vikombe vihesabiwe.

Jumatatu moja asubuhi meneja wa mradi alimwekea mezani barua isiyo na saini. Ilimfukuza kazi Mzee Pimamaji, msimamizi wa wapiga plasta, kwa kuvuruga mpangilio na kuichelewesha wodi ya wazazi siku arobaini. Ratiba ilisema plasta ingoje paa. Mabati yalipochelewa, mzee hakungoja. Aliwaingiza watu wake ghorofa ya chini.

"Nataka hesabu yako kabla ya saa sita," meneja alisema. "Nikiipata tu, natia saini."

Kompyuta ilikuwa na njia mbili za kuhesabu kazi iliyoruka foleni. Ya kwanza ilisimamisha plasta yote iliyobaki mpaka paa liishe, na siku zote arobaini zikawa kosa la mabati. Ya pili ililisahau paa kabisa, kwa kuwa plasta ilikwisha kuanza, na siku zote arobaini zikamwangukia mzee. Kubonyeza mara moja tu, mtu anageuka malaika au mkosaji!

Moyo wa Mama Ratiba ulitaka ile ya kwanza. Mzee ndiye aliyemfundisha kusoma ramani ya jengo, zamani, wakati wengine wakimcheka. Lakini kumpenda mtu si hesabu. Akavaa kofia ngumu, akatoka, akamkuta mzee ghorofa ya chini.

"Shikamoo, mzee. Kwa nini hukungoja paa?"

"Marahaba, mwanangu. Paa lipi? Hebu tazama juu."

Akatazama. Juu yao palikuwa na zege la ghorofa ya pili, kavu, zito, halipitishi hata tone.

"Huku chini mabati ya nini?" mzee aliendelea. "Ghorofa ya juu kabisa ndiyo niliyoingoja, siku ishirini na sita, maana mvua ingeiosha plasta yote."

"Na kumi na nne zilizobaki?"

Mzee akakuna kidevu. "Mficha uchi hazai. Hizo ni zangu. Mafundi wanne walinikimbia, nikaona haya kukwambia."

Mama Ratiba alilitazama tena lile zege. Alikuwa ameikumbuka siku aliyoipanga ratiba ile. Alitakiwa kuigawa plasta ghorofa kwa ghorofa, kila moja na mstari wake. Alikuwa na haraka, akachora mstari mmoja: plasta yote baada ya paa. Mzee hakuvuruga mpangilio wowote. Mpangilio wenyewe ndio uliokuwa mbovu, na aliyeuchora ni yeye. Aibu ikamjaa usoni.

Saa tano na nusu alimkabidhi meneja ukurasa mmoja. Mabati, siku ishirini na sita; mafundi kutoroka, kumi na nne. Lakini sentensi ya kwanza ilisema: "Mstari uliomtia mzee hatiani niliuchora mimi, na niliukosea."

Meneja aliisoma mara mbili. "Kwa hiyo hakuna wa kufukuzwa. Barua ya onyo nimwandikie nani?"

"Mimi."

Meneja akaichana ile ya mzee, akaandika nyingine. Mama Ratiba aliikunja, akaitia mkobani, akarudi ghorofa ya chini na karatasi nyeupe. Akaitandaza juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Niambie wewe, mzee. Ipi inaingoja ipi?"

Mzee Pimamaji alijifuta mikono kwenye suruali, akapokea kalamu, asijue aanzie wapi.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa."