Karatasi ya Sigara kwenye Fyuzi

Kizito wa Kavimvira, ukimpelekea kongelateri, friji ya kugandisha, iliyokufa, atakuambia ugonjwa wake kabla chai haijapoa. Lakini usimuulize nani aliiharibu. Hapo anakuwa bubu, na watu wa Uvira wanamcheka: fundi gani huyu, anajua yote isipokuwa hilo?

Zamani hakuwa hivyo. Zamani alisema yote.

Mwaka ule watu wa bunduki walikuwa wameikamata barabara ya Luberizi. Walikuja wakambeba kwa pikipiki mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, iliyokuwa imezimika, na askari njaa ilikuwa imewashika. Mwendesha mashine, Luc, alikuwa amelala kifudifudi juu ya magunia, shati limegandana na mgongo. Komanda alisimama juu yake, ameshika mkanda wa mpira uliotolewa kwenye mashine yenyewe.

"Fundi, huyu mbwa ameua mashine yetu. Useme tu ni yeye, nimumalize."

"Komanda, minye sijaona kitu bado."

"Weye iko fundi ama iko avoka wa kumutetea?"

Askari wakacheka. Mke wa Luc, Consolée, alikuwa ameketi mlangoni, mikono kichwani. "Baba fundi," alisema, "kama si yeye, useme kwa nguvu."

Sanduku la kuongoza mota lilikuwa limefungwa kwa visi sita, skrubu ndefu. Komanda akazihesabu kwa kidole. "Kila visi, mkanda mumoja. Ni kwa kukusaidia uende mbio."

Kizito alifungua ya kwanza, mkanda ukalia. Ya pili, Luc akapiga kelele. Ya nne, hakupiga tena, alikoroma tu kama mbuzi aliyechinjwa vibaya. Ya tano, damu iliruka mpaka kwenye turnevisi aliyofungulia. Ya sita ilikuwa na kutu. Kizito akaacha turnevisi, akashika kifuniko kwa mkono na kuking'oa. Bati likampasua kiganja, lakini mkanda wa sita haukupigwa.

Ndani, karte, bodi ya umeme, ilikuwa nyeusi kama muhogo uliosahauliwa motoni. Kwa desturi yake alipitisha umeme kwanza kwenye ampuli, taa yake ya majaribio. Ikiwaka kidogo, kuna matumaini. Iliwaka kabisa, ikachoma macho: umeme ulikuwa unapita moja kwa moja, hakuna wa kuuzuia. Akatafuta fyuzi. Akaiona imevishwa karatasi ya kung'aa, ile ya ndani ya pakiti ya sigara.

Furaha ikampanda, maskini.

"Komanda, si Luc! Fyuzi kazi yake ni kufa ili wengine wapone. Ilikufa, mutu akaivika karatasi ya sigara. Jiwe la katika mpunga lilipokwama ndani ya mashine, mota ikalazimisha, karte ikaungua. Na Luc ninamujua, ni mulokole, havuti. Angalia mifuko ya wanaovuta!"

Alidhani amemwokoa mtu. Kweli alimwokoa. Lakini macho yote yalimgeukia Vainqueur, mlinzi wa mashine, mwenye ndevu za mvi na sigara mdomoni. Wakamtoa pakiti mfukoni: sigara zilikuwa uchi, hazina ile karatasi ya kung'aa.

"Chef, weye ulisema isisimame hata dakika moja," Vainqueur alisema. "Luc alikuwa kanisani. Minye niliona watu wanafanya vile kwa fyuzi ya redio..."

Risasi ya komanda ilimkata neno. Akaanguka katika mchele kidogo uliobaki chini ya mashine, miguu ikapigapiga, ikatulia. Komanda akatazama mchele uliokuwa unageuka mwekundu.

"Muchekeche huo muchele," akaamuru. "Na weye fundi, tengeneza."

Kizito alitengeneza, kiganja chake kikidondosha damu karibu na maiti. Luc ndiye aliyetambaa, na mgongo ule, akamfunika Vainqueur kwa gunia.

Juma lililopita Mama Félicité alileta kongelateri kwa Kizito, akimvuta mkono Aline, msichana wake wa kazi, shavu limevimba.

"Fundi, useme mbele yake. Nilimukataza kuchokoa barafu na kisu!"

Kizito akainama ndani. Waya wa kupima baridi ulikuwa umekatwa safi, na alama ya ncha ya kisu pembeni. Akaufunika kwa kiganja chake chenye kovu.

"Ni panya, mama."

"Panya? Ndani ya barafu?"

"Panya wa siku hizi," alisema Kizito. "Lete hiyo turnevisi, binti yangu."