Mtu wa Kumsimamia Gloriose

Chuo kile cha mjini Baraka kilikuwa na cheo cha conseillère, yaani mshauri wa wanafunzi, cheo kilikuwa na Mama Suzanne, na Mama Suzanne alikuwa na chumba kimoja kilichokuwa zamani stoo ya chaki. Wanafunzi walimwita Mama Orientation. Kazi yake, ukimuuliza mkuu wa chuo, ilikuwa kumshauri mwanafunzi achague masomo yanayomfaa. Ukiingia ukakaa naye siku nzima, utaona kazi ilikuwa kusikiliza. Alisikiliza tangu asubuhi, akala ugali wa mihogo na ndagala pale pale mezani huku akisikiliza, na akirudi nyumbani hakutaka hata redio. Majirani walidhani anaringa. Wapi! Alikuwa amechoka tu.

Na wala usifikiri mwanafunzi alikuja peke yake. Pande zile za Fizi mtoto akipelekwa chuo, anapelekwa na watu wengi, na hao wote wana neno. Walikuja kwa Mama Suzanne namna watu wanavyokwenda kuposa. Wamevaa nguo za Jumapili, wana msemaji wao, wanaanza na habari za mvua na afya ya watoto, na mwenye shida mwenyewe amekaa pembeni, macho chini, kama bibi harusi. Bonaventure, katibu wa masomo, mtu wa haraka haraka, alimwambia mara nyingi awafukuze abaki na mwanafunzi. Alijaribu mara moja. Wazee wakatoka kwa heshima zote, wakaketi nje chini ya dirisha, na yule msichana hakuonekana tena chuoni. Baada ya hapo Mama Suzanne aliomba benchi ndefu.

Ijumaa moja, kujiandikisha kukiwa kunafungwa Jumatatu, benchi ilikaliwa na watu wa kambi ya wakimbizi, kule mbele ya Lweba ukielekea Mboko. Msemaji alikuwa mzee wa kanisa, Claver Nzohabonayo, Mrundi mrefu aliyekaa wima hata akiwa amechoka. Pembeni yake walikaa bamama wawili wa kwaya, na mwisho kabisa wa benchi alikaa Gloriose Inamahoro, yatima waliyemlea kanisani, ambaye alikuwa ameanguka mwaka wa kwanza wa uuguzi. Si mara moja. Mara mbili.

"Amahoro, mama," mzee alianza, na baada ya mvua na afya akafika penye neno lenyewe. "Huyu mutoto tulimutuma akuwe infirmière, muuguzi wetu. Bamama ku kambi banazaa, na mutu wa kuwasikia mu Kirundi aiko. Sasa tunasikia banamufukuza. Tunaomba umurudishe mu classe."

"Mzee wangu, mi siwezi. Jury ya mitihani imekata. Mutu akianguka mara mbili, hiyo filière ya masomo inamufunga."

"Wewe njo mama yao."

"Niko mama yao, lakini siko jury."

Mama Suzanne alimtazama Gloriose, akajua kwamba hapo benchini hatatoa neno hata moja. Basi akafanya hila yake ya siku zote. Akainua kidumu. "Mwanangu, nisindikize ku bomba. Magoti yangu ya leo hayanitii." Wazee hawawezi kukataa hilo, mama mtu mzima hatumwi maji peke yake.

Pale bombani, huku maji yakitiririka, ulimi wa msichana ukafunguka. Majina ya mifupa yalikuwa yakiingia asubuhi na kutoka jioni. Aliyakariri mpaka akaota akiyasema, na kwenye mtihani yakapotea. Hesabu haikumpotea. Katika darasa lote la uuguzi ni yeye aliyewasaidia wenzake somo la takwimu, na mwalimu wa somo hilo alikwisha kumuuliza anatafuta nini huku.

"Nataka kufundisha hesabu, mama. Lakini nitabaambia nini? Banakula kidogo juu yangu, ili balipe masomo yangu."

Mama Suzanne alikuwa amekwisha kuona alama zake, na alijua upande wa ualimu wangempokea hata Jumatatu. Kilichobaki kilikuwa ni kanisa kukubali. Likikataa, Gloriose angerudi kulima mihogo ya watu, siku kwa siku, na hapo hakuna conseillère atakayemtoa. Walirudi chumbani, akaeleza yote kwa utaratibu. Nzohabonayo alisikiliza hadi mwisho.

"Sikatae," alisema. "Lakini njia inageuka. Mu kanisa yetu, njia ya mutoto ikigeuka, mutu anasimama. Ukuje siku ya Mungu, Jumapili."

Mama Suzanne akaweka kidumu chini. Alijua maana ya kusimama.

Desturi ya kanisa lile ilikuwa hivi. Mtoto aliyesomeshwa kwa mchango wa wote akitaka kubadili masomo, mtu mmoja anasimama mbele ya waumini, anaweka mkono begani mwake, na kuanzia hapo huyo msimamizi ndiye anayeulizwa. Mtoto akifaulu, kanisa linashukuru. Akianguka, hawakugombezi. Wanakuja tu kwako. Mama Suzanne alikuwa amesimama hapo kwa ajili ya kijana mmoja, Vainqueur, mpiga ngoma wao, aliyeacha masomo ya kilimo akaingia ya biashara. Mwaka wa pili Vainqueur akaaga kwamba anakwenda kununua kalamu, akaonekana Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Wazee wakaja nyumbani kwa Mama Suzanne. Waliketi uani tangu asubuhi, wapole kabisa, wakala walichopikiwa, na kabla ya kuondoka wakauliza, "Mama, mutoto wetu iko wapi?" Mwezi uliofuata wakarudi. Na mwingine. Ilifika mahali akiona kofia ya mzee njiani anajificha nyuma ya nyumba ya jirani, mtu mzima na heshima zake. Akaapa kwamba hatasimama tena kwa mtoto wa mtu. Na alikuwa na haki, jamani. Mtu ana mabega mawili tu.

Jumapili akapanda moto, pikipiki ya kukodi, akaenda. Njia nzima aliwaza atakavyosema hapana, na kila sentensi aliyoitunga ilikuwa nzuri hadi anapokumbuka uso wa yule msichana.

Kanisa lilijaa. Baada ya mahubiri Nzohabonayo akamkaribisha mbele, akaeleza waumini, kisha mama mmoja akauliza swali ambalo Mama Suzanne alilingoja.

"Akimaliza hiyo hesabu, kazi iko?"

Angeweza kudanganya. Wenzake wengi hudanganya, na hulala vizuri. "Siahidi kazi, mama," alisema. "Zamani mashirika yalikuwa yanachukua bainfirmiers, sasa yamefunga milango. Walimu banafundisha bila mushahara. Mi najua tu kwamba kule alikokuwa hatamaliza, na huku atamaliza. Zaidi ya hapo, nikisema, nitawadanganya."

Minong'ono ikapita. Haikuwa mibaya, lakini haikuwa mizuri pia. Mzee akapiga kofi moja.

"Basi. Nani anasimama?"

Macho yote yakaenda kwa Mama Suzanne, aliyekwisha kurudi kwenye kiti. Nani mwingine? Ndiye aliyeleta habari hizi. Alishika ukingo wa kiti ajiinue. Alikuwa amekwisha kukubali moyoni, akiwaona tayari wale wazee uani kwake, mwezi baada ya mwezi, na machozi ya uchovu yakimjia.

"Hapana," sauti ikasema.

Ilikuwa ya Gloriose. Alikuwa amesimama katikati ya kwaya. Msichana wa watu hajawahi kusema mbele ya kanisa ila kuimba.

"Naomba mama asisimame. Mama amechoka. Alimusimamia Vainqueur, na sisi tukamwachia mzigo peke yake. Kama hakuna mwingine, mi nitarudi kulima. Nasema kwa moyo."

Nitakuambia ukweli, maana Mama Suzanne mwenyewe hakuuficha baadaye. Hakusema "hapana, mwanangu, nasimama." Alikaa. Kiti kikampokea, na nafuu ikamshukia mwili mzima hadi akaona haya. Alingoja aibu imwinue, haikumwinua. Magoti yalikataa, na moyo ukayaunga mkono.

Watoto wachanga ndio walioendelea na mambo yao. Waumini walitazama chini, maana kila mmoja alikuwa na wa kwake wa kumjibia, na njaa yake. Gloriose akaanza kukunja kitambaa cha kwaya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Hapo Nzohabonayo akavuka kati ya mabenchi. Alikuwa amekasirika, ilionekana hata kwa mwendo. Akafika kwa kwaya, akaweka mkono wake mkubwa begani mwa msichana.

"Mi nasimama," alisema. "Mi nilitaka infirmière, na bado nataka. Lakini mutoto wa kanisa harudi ku shamba kwa sababu watu wote banaangalia viatu. Mutaniuliza mimi."

Kwaya ikaimba, kwa kuwa hawakujua la kufanya. Mama Suzanne aliimba nao.

Nje Mama Suzanne alikwisha kupanda, na motari, mwenye pikipiki, akawasha, akitaka kufika Baraka kabla ya mvua. Gloriose akaja mbio kumsindikiza, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Mama, umenikasirikia?"

"Hata. Jumatatu uje mapema, kabla Bonaventure hajafunga. Mi nilichoka tu, mwanangu."

"Najua. Siku zote tunakuletea shida zetu, tunaondoka. Hakuna anayekuuliza, na we, mama, umeamukaje?"

Mama Suzanne alifungua mdomo amjibu kama wanavyojibu watu wote, kwamba yuko salama, tunashukuru Mungu. Miaka yote ile alikuwa na jibu la kila mtoto wa mtu, na hili moja dogo lilimshinda. Akashuka kwenye moto, akaketi juu ya gogo lililolazwa kando ya njia, akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Niulize tena," alisema.

Gloriose akachuchumaa mbele yake. "Umeamukaje, mama?"

Akaanza kusema, na motari, alipoona maneno hayaishi, akazima mashine.